Nakala Niliyoiweka Ufukweni

Jina la Bwana lihimidiwe, ndugu zangu! Mimi ni mzee Bonifasi, wa hapa Gungu. Siku shemeji yangu aliponiambia diski yangu ya akiba ikae kwenye ghala lake, nilipaswa kukataa. Nilikubali. Ushuhuda wangu unaanzia hapo.

Nilikuwa na studio ya kurekodi kwaya na kaswida kule Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, karibu na boti za dagaa. Wateja wengi walikuja kwa njia ya maji, kutoka vijiji vya mwambao na hata ng'ambo, Kongo. Kazi zao zote zilikaa kwenye kompyuta moja kubwa, yaani seva. Humo mlikuwa pia na sauti ya marehemu mke wangu, Yustina. Alirekodi nyimbo zake, akafariki kabla sijazikamilisha. Hazikutoka. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa nazo.

Kwa hiyo niliogopa, na nikaweka mpango. Kila wiki natoa nakala ya kila kitu kwenye diski, diski inapanda Kalinzi, inatunzwa kwenye ofisi ya wakulima wa kahawa, mlimani, mbali na maji. Studio ikipatwa na moto, wizi au mafuriko, naiteremsha diski na kazi inaendelea. Nilikuwa nimeshaelewana na katibu wao.

Ndipo akaja shemeji Edmondi, kaka mkubwa wa Yustina, mfanyabiashara wa dagaa na chumvi, na wapakiaji wake nyuma yake. Nikamwamkia. Hata marahaba hakuimaliza.

"Nasikia vitu vyako unapeleka kwa watu wa kahawa. Ghala langu linanuka?"

"Hapana, shemeji. Lakini ghala lako liko ufukweni kama studio. Ziwa likija, linatuchukua wote."

"Ziwa! Nimezaliwa nalo. Likitaka kuja litanipigia hodi kwanza." Wapakiaji wake wakacheka. "Nilikupa dada yangu, Bonifasi. Leo unaninyima kasanduku ka waya?"

Ndugu zangu, kwetu aliyekupa mke humkatalii mbele ya watu. Nami nikacheka, nikampa. Lakini msije mkasema mila ndiyo iliyonikosesha! Ningeweza kumpa diski moja kwa heshima yake na nyingine nikaipandisha Kalinzi. Sikufanya hivyo. Kumwendea shemeji ilikuwa hatua chache tu, na mlima ni mrefu. Nilipenda urahisi, nikauita heshima.

Ziwa lilikuwa linapanda msimu hadi msimu, sote tuliliona. Migomba ya jirani ilishasimama majini. Kisha asubuhi moja ulivuma upepo mkali kutoka ng'ambo, mvua nayo ikashuka, na mawimbi yakaingia Kibirizi mtaa mzima. Nilipofika, maji yalikuwa yameshaifunika seva, na soketi za ukutani zilikuwa zinatoa cheche. Nilitaka kuingia. Akili yangu yote ilikuwa kwa Yustina, kana kwamba yumo mle ndani.

Edmondi akanishika kiuno kwa nyuma. "Umeme, wewe mzee! Unataka kumfuata?" Akaniangusha kwenye matope, akanikalia, akapiga kelele mpaka fundi akazima umeme wa mtaa. Wakati amenikalia, ghala lake lilikuwa linabomoka. Dagaa zake zikaelea, chumvi yake ikayeyuka. Hakugeuka kutazama. Na mimi, badala ya kushukuru, nilimwambia, "Ni wewe uliyemzamisha!"

Diski tuliipata kwenye tope. Niliipeleka Dar es Salaam kwa mafundi wa kuokoa data. Ilirudi kama ilivyokwenda.

Sikumsemesha shemeji kwa muda mrefu. Nilikuwa nasali, nasema amina, na moyoni nimebeba jiwe! Siku moja katika maombi, Bwana akaniuliza neno moja tu: nani aliyejua? Edmondi hakujua kitu kuhusu seva. Mimi nilijua, na mpango nilikuwa nao. Nikatoka, nikapanda bodaboda hadi kwake.

"Shemeji, kosa ni langu," nikamwambia.

Akanitazama. "Na mimi nilikuwa nangojea kumsikia," akasema. "Alikuwa dada yangu." Tukalia, wazee wawili, mchana kweupe.

Ndugu zangu, Bwana aliniokoa na umeme, kisha akaniokoa na chuki. Utukufu ni wake! Kwaya zikaniletea nyimbo walizokuwa nazo kwenye simu, na kikundi cha kaswida cha Ujiji kikanichangia kompyuta. Leo nina chumba kimoja hapa Gungu. Nakala moja iko hapa, ya pili mtandaoni, ya tatu Kalinzi, na kila mwezi naifungua ile ya Kalinzi kuhakikisha inaimba. Anayeipandisha ni Edmondi mwenyewe.

Mwenye duka, mwenye zahanati, mwenye shule, mtumaini Bwana kwa moyo wote, na nakala yako iweke mahali ambapo janga lako halifiki. Mungu hakukupa akili ili uione hatari halafu uicheke. Kama kuna mtu humsemeshi, usilale naye moyoni. Nenda kwake leo.

Nimesamehewa, na nina amani. Lakini nyimbo za Yustina hazipo tena. Mjukuu wangu aliyepewa jina lake hajamsikia bibi yake akiimba, wala hatamsikia hapa duniani.