Bi Mejumaa, Aliyemtia Dzoro Kitabuni

Salaam aleikum, wasikilizaji wapendwa. Leo nina majonzi, sitaficha. Bi Mejumaa Ngowa ametutoka. Mwandishi wa vitabu vya watoto, mkazi wa Mji wa Kale, ametutoka wiki jana, tena akiwa peke yake nyumbani.

Vitabu vyake vya mwanzo mlivisoma shuleni. Mtoto wa kitabuni ni Juma, siku zote Juma. Kisha akaandika kingine. Ni Ramadhani, magharibi imeadhiniwa, na kwenye mkeka wa futari wameketi watoto watatu: Huzaifa wa Mji wa Kale, Dzoro, mtoto wa Kimijikenda ambaye babake ni hamali pale sokoni Marikiti, na Griffins, mtoto wa mfanyakazi wa reli kutoka bara. Ndivyo tulivyo Mombasa, au nasema uongo?

Mchapishaji akamwita. "Bibi, wazazi hawatakinunua. Mtoe Dzoro, mrudishe Juma."

"Aka!" akasema Bi Mejumaa. "Juma amekula miaka na miaka. Dzoro hajala bado."

Kitabu kikakataliwa. Nasema tena, kikakataliwa. Basi kila Jumamosi akawa akikisoma barazani kwake, na watoto wa kila kabila wakajaa kichochoroni. Majirani wakanuna, ati kelele, wakawafukuza. Ramadhani ilipoingia, hakuna aliyempelekea sahani ya futari. Jamani! Mji huu, ambao hata mpita njia huitwa aje ale!

Ketty, binti ya kaka yake, ameniambia hivi: "Nilimkuta shangazi ametandika mkeka wa watu wengi. Nikamuuliza, wageni ni kina nani? Akasema, 'Huenda akaja mtu, mwanangu.' Tukala wawili. Mimi ni Mkristo, sikuwa nimefunga, lakini ningemwachaje?"

Mwaka huu mchapishaji mwingine amekitoa, na Dzoro yumo. Nakala ya kwanza Bi Mejumaa aliipata. Ketty anasema aliikumbatia, akacheka, kisha akauliza: "Sasa nimsomee nani?"

Ketty, nawe na jamaa zako wote, poleni sana. Mola amlaze pema. Matangani watu walijaa hadi njiani, kila mmoja na sifa zake. Siku zile zote mlikuwa wapi? Mpendwa msikilizaji, kama una jirani anayekula peke yake, usingoje redio ikutajie jina lake. Nenda ukapige hodi leo, angali yuko wa kukwambia karibu.