Mama Kasoki na Mabibi Wawili wa Kashuga

Tarehe 30 Juni 2016 Mama Kasoki Myriam anastaafu, baada ya miaka ishirini na miwili katika shule yetu ya ulezi hapa Sake. Sisi wenzake hatujui bado kama tumuage kwa kucheka au kwa kulia, kwa hiyo msomaji atuvumilie tukiyumba kidogo.

Alianza kama mwalimu wa usafi wa wagonjwa. Wakati ule shule ilipeleka wanafunzi kwa familia yoyote iliyoomba mlezi wa mzee, na wengi walirudi kabla wiki haijaisha. Familia zilinung'unika, wanafunzi walivunjika moyo, na hakuna aliyejua kosa liko wapi. Alipokabidhiwa kazi ya stage, yaani kuwapeleka wanafunzi kwenye mazoezi, Mama Kasoki alikwenda kukaa na wazee wenyewe, jikoni na uani, akitazama nani anawaamsha, nani anawaogesha, nani anaamua wale nini. Akaona kwamba anayeomba mlezi mara nyingi anaishi mbali, Goma au Butembo, na mzee hajaulizwa kitu. Akapanga huduma upya: kwanza mwanafunzi amtembelee mzee, wapike pamoja, na mzee awe na haki ya kumkataa. Wengine tulicheka. Walezi waliacha kurudi kabla ya wakati.

Kisha ukaja mwaka 2012, na vita ikafika kijiji cha Kashuga.

Huko tulikuwa na wanafunzi wawili katika nyumba jirani. Kétsia alimtunza bibi Kaswera, mama wa Mbusa, mfanyabiashara wa Butembo. Samy alimtunza bibi Drocella. Watu walipokimbia, simu mbili zilifika ofisini, moja kutoka Kirotshe, nyingine kutoka Pinga kule Walikale. Samy, aliyekuwa Kirotshe, alisema yuko na koko, yaani bibi, ni mzima. Kétsia naye, kutoka Pinga, alisema vilevile. Mama Kasoki alizijulisha familia zote mbili kwa furaha.

Mbusa alipiga Pinga aongee na mama yake. Alimsalimu kwa Kinande, lugha ya nyumbani kwao, akajibiwa kwa Kiswahili, "Wewe njo nani?" Akashuka Sake, akasema mama amesahau lugha yake na mtoto wake. Mama Kasoki alimfariji kwamba uzee na hofu huwafanyia watu hivyo. Sote tuliamini. Baadaye binti wa Drocella naye akaja akisema huyo bibi wa Kirotshe anasali kwa Kinande, lugha ambayo mama yake haijui, na hapo hakuna aliyejua tena nani yuko wapi.

Mama Kasoki alipiga simu Pinga, akamwuliza Kétsia koko wake anaitwa nani.

"Drocella," alijibu Kétsia. "Wangu sikumukuta kwa nyumba. Huyu alikuwa peke yake, nikamubeba. Nilisema niko na koko, Mama. Koko iko koko."

Ikaeleweka. Risasi zilipoanza Kétsia alikuwa kisimani, na Drocella alikuwa kwenye maombi. Samy alimkuta Kaswera peke yake mlangoni akampandisha pikipiki iliyokuwepo. Kétsia aliporudi, Drocella alikuwa amesharudi kwake na njia ya Sake ilikuwa imefungwa, akaelekea Pinga na bibi wa jirani.

Mbusa alikasirika, akataka Kétsia afukuzwe. Alisema yeye alimwajiri Kétsia kwa mama yake, si kwa mama wa mtu mwingine. Mama Kasoki hakubishana, alimpeleka Kirotshe. Kaswera alikuwa amekaa kitandani, Samy akimsuka nywele vibaya. Mbusa akaketi kando ya mama yake, akasema, "Samy iko anachunga mama yangu. Kétsia nimufukuze juu ya nini?"

Njia ilipofunguliwa, Drocella alirudi amekonda, lakini anatembea kwa miguu yake.

Tangu hapo kila mwanafunzi hutambulishwa pia kwa wazee wa jirani na kwa familia zao, na akipiga simu hutaja jina la mzee. Waajiri wapya hushangaa mwanzoni. Sisi pia tulishangaa, na mpaka leo hatujui kama jambo lile la Kashuga tuliite kosa au bahati.

Kaswera alifariki kwa amani mwaka 2014, akilelewa na Kétsia. Aliyeosha mwili wake pamoja na Kétsia, na kukaa matanga mpaka mwisho, ni Drocella.

Mama Kasoki, aksanti sana kwa wazee wote uliowapatia mtu wa karibu, na kwa sisi uliotufundisha kuuliza kwanza. Upumzike vizuri, upate afya na usingizi usiokatizwa na simu za vita. Mungu akutunze, Mama.