Mikono Miwili Katika Fisi Mmoja

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kitinda mimba wangu acha kusimama mlangoni kama mgeni aliyekuja kuuliza njia. Vuta kigoda ukae. Nimewaita asubuhi kwa sababu asubuhi ndipo pumzi inaponitosha, na nimetaka kitanda kiletwe huku chumba cha nyuma cha karakana, si kwa wazimu wa uzee kama dada yenu mkubwa alivyomnong'oneza daktari akidhani sisikii, bali kwa sababu mambo nitakayoyasema yalitendeka humu humu, na neno likisemwa pale lilipotendeka huwa vigumu kulikana. Msinikatize. Wa kulia alie kimyakimya, na wa kubisha asubiri nikishakufa, maana hapo atapata nafasi ya kutosha.

Nianze na mali iwatoke mawazoni, kwa kuwa sikio linalongoja urithi halisikii nasaha. Nyumba ya mbele ni ya dada yenu mkubwa, aliyeacha kazi yake ya wodini akaja kunigeuza ubavu na kunilisha kwa kijiko, na hilo halina mjadala. Karakana hii, pamoja na mashine ya kuchomelea, meza ndefu na magogo yaliyolazwa uani, ni ya kitinda mimba, maana ndiye mwenye moto mkononi. Na wewe mwanangu wa kati, duka la barabarani ni lako kama lilivyokuwa. Nina neno nawe, nitalifikia; usiinamishe kichwa sasa hivi, utachoka shingo kabla sijafika.

Ninyi mmenikuta mtu mwenye jina. Hamkumwona binti wa mwuza nyama, aliyekuwa akikaa nyuma ya bucha la babu yenu akifukuza nzi kwa kipande cha boksi. Babu yenu hakujua kusoma, lakini mnyama alimjua kutoka ndani kwenda nje. Siku moja aliniita, akashika mguu wa mbele wa ng'ombe, akapitisha kisu chini ya bega, na bega lote likatoka bila mfupa kukatika. Akaniambia, "Unaona? Hili halikufungwa na mfupa. Limening'inia kwenye nyama tu. Ndiyo maana mnyama akitembea, bega linaelea." Sikulala na njaa ya chakula siku hiyo, nililala na njaa ya kujua, na tangu hapo kila mbuzi aliyepita njiani nilimvua ngozi kwa macho.

Nilipokuwa msichana mkubwa niliajiriwa kwa fundi mmoja aliyekuwa na karakana mtaa wa maseremala, tukimwita Futikamba, kwa kuwa kila mnyama wake wa kuchonga alikuwa na kipimo na hakuna aliyeruhusiwa kukizidisha hata kwa upana wa ukucha. Tembo wote walikuwa wameinua mkonga, twiga wote wamenyoosha shingo kama wanaokaguliwa gwaride. Wanaume walichonga, sisi wanawake tulipaka nta na kung'arisha. Nilipaka nta miaka miwili, na kila nilipopaka niliona yale mabega yamegandishwa kama yamepigiliwa misumari, roho ikaniuma kama mtu anayesikia wimbo anaoujua ukiimbwa vibaya. Basi nikaokota kipande cha mti wa msaji kilichotupwa, na wenzangu wakienda kula mimi nabaki nachonga, hata akatoka nyati ukubwa wa kiatu, bega lake likielea kama babu yenu alivyonionyesha. Futikamba alimkuta juu ya meza. Alimpima, akampima tena, kisha akaikunja futikamba yake akaitia mfukoni, akaniuliza nani kanifundisha. Nikamwambia ni ng'ombe wa baba. Siku ile nilitoka kwenye nta nikakabidhiwa patasi.

Sitawachosha na sifa. Nilichonga nyati, nguruwe mwitu, chui na farasi, unywele kwa unywele, mkunjo kwa mkunjo, hata watu wakawa wanawapapasa kuona kama wana joto. Nikafungua karakana yangu, hii hapa. Lakini sikilizeni wanangu, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa mno. Miaka tisa nilichonga mnyama mmoja yule yule nikimbadilisha pembe na mkia. Mkono ulikuwa unajua na kichwa kimelala.

Ndipo akaja mtu tuliyemwita Msasa. Nyote mnamkumbuka. Aliwabeba mabegani na vumbi la mbao likawaingia machoni. Alikuwa hodari wa kulainisha kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona, na alikuwa na tabia moja: kabla ya kugusa hunyamaza, akautazama mti kana kwamba mti ndiye mkubwa na yeye mdogo. Nikazoea kumwuliza. Hapa nikate au niache? Naye hujibu kwa kidole, mara chache kwa mdomo.

Sasa tumefika kwenye lile jambo, na ninaomba maji kidogo. Asante, mwanangu.

Fisi yule aliyesimama kwenye ukumbi wa maktaba kuu, ambaye ninyi mmesoma shuleni kwamba ndiye aliyegeuza kazi yangu, na watoto wa watu wamemchora kwenye mitihani, nilianza kumchonga na manyoya yote na madoa yote kama kawaida. Kabla sijammaliza uchungu ukanishika, nikaenda kumzaa huyu kitinda mimba, na mambo hayakwenda vizuri, nikakaa hospitali wiki nzima. Huku nyuma mti ukapasuka. Ufa ulianzia shingoni ukashuka mgongoni. Msasa alikuwa peke yake na kazi ya mtu mwingine inaharibika mbele ya macho yake. Akachukua patasi, akaufuata ufa ule, akaondoa manyoya, akaondoa madoa, akaondoa mgongo wote hadi ukabaki mstari mmoja tu unaotelemka kutoka shingoni mpaka matakoni, kama njia ya maji baada ya mvua.

Nilirudi na mtoto mchanga kifuani, nikamkuta fisi wangu uchi. Msasa alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Nilikusudia kumfukuza. Nilikaa juu ya gogo nikanyonyesha, nikitafuta tusi la kumtosha, na kadiri nilivyotazama ndivyo tusi lilivyokataa kuja, kwa sababu fisi alikuwepo pale, njaa yake na aibu yake, kuliko fisi yeyote niliyemvisha manyoya. Mwishowe nikamkabidhi Msasa mtoto, nikachukua kisu, nikamwondoa fisi macho, nikaacha uso mtupu. Hilo ndilo langu. Mgongo ni wa Msasa, uso ni wangu.

Siku ya kumwonyesha, ukumbi ulijaa. Mzee mmoja wa baraza la mji aliuliza mbele ya watu wote ni nani aliyefikiria kuuvua mgongo ule. Msasa alikuwa hatua mbili tu kutoka kwangu, ameshika kitambaa tulichokuwa tumemfunikia fisi. Nami nikasema, "Mimi."

Neno lenyewe ni fupi, wanangu. Msasa alikikunja kile kitambaa vizuri, pembe kwa pembe, akakiweka kwapani.

Aliendelea kufanya kazi nami miaka kumi na mmoja baada ya hapo, wala hakulitaja. Mimi nilichonga wanyama wa mstari mmoja: swala aliyekuwa mkunjo tu, kiboko aliyekuwa mgongo na kivuli. Wakaniita mwanzilishi. Na kadiri jina lilivyokua, kuuliza kulipungua, hata siku moja mbele ya wageni Msasa alinyoosha kidole kwenye shavu la farasi, nami nikamwambia yeye kazi yake ni kung'arisha, asinifundishe kuchonga. Akavua aproni, akaiweka mezani, akanawa mikono pale bombani, akaenda zake.

Baada ya hapo nikaingia kwenye mabati, minyororo na vipuri vya baiskeli, nikaunda korongo na kunguru wenye mbawa za mafyekeo. Magazetini waliandika kwamba nimekuwa jasiri, nimeingia enzi mpya. Ukweli ni kwamba sikuwa tena na mtu wa kunilainishia mbao, na kila nilipoigusa mwenyewe nilisikia aibu. Ndivyo enzi nyingine zinavyoanza. Lakini msije mkadhani nawadharau kunguru wale. Walitoka kwenye aibu na wakajua kuruka.

Kisha vidole vikaanza kujikunja, nyundo ikawa nzito, nikabaki kufinyanga nta tu, inayokubali hata kidole kibovu. Mwaka jana, dirishani hapa, punda wa mchota maji alianguka pale mtelemkoni na madumu yake. Nikamtazama akiinuka. Ng'ombe, niliyemjua tangu utoto, huinua matako kwanza. Punda hutanguliza miguu ya mbele, akaisimika, kisha akajisukuma na mwili wote. Miaka sabini na sita duniani na nilikuwa sijaliona hilo! Watu husema asante ya punda ni mateke, wala hawasemi nani alimbebesha. Nikaapa kwamba sitaondoka kabla sijamwinua punda yule kwa nta. Nilimvunja mara kumi na nne. Dada yenu ni shahidi, alikuwa akikuta nta mpaka kwenye shuka.

Sasa wewe, mwanangu wa kati. Inua uso. Miezi mitatu iliyopita alikuja mteja na nyati mdogo wa msaji aliyemnunua dukani kwako, sahihi yangu tumboni, akitaka nimhakikishie kwamba ni kazi yangu ya ujana. Nilipitisha dole gumba kwenye bega nikajua si mkono wangu. Nikajua pia ni mkono wa nani. Unajua lililoniuma? Bega lilikuwa linaelea. Hakuna aliyekufundisha, umelipata mwenyewe, na ukalificha chini ya jina la mama yako kana kwamba ni kosa. Nilimwambia mteja ukweli, akaenda na nyati wake vile vile, akasema anampenda. Nilitaka nikuite nikusute. Ulimi ulipofika kwenye meno nikajiona mwenyewe nimesimama ukumbini nikisema "Mimi." Nyani haoni kundule, lakini siku ile mimi langu nililiona. Wewe uliweka jina langu kwenye kazi yako, mimi niliweka jina langu kwenye kazi ya mwenzangu. Ni kosa moja, na lililo kubwa zaidi ni la mama.

Kwa hiyo sikuwatuma ninyi mkaniombee radhi. Deni la ulimi hulipwa kwa ulimi uliolikopa. Alhamisi iliyopita, nyie wakubwa mkidhani nimepelekwa kupimwa damu, kitinda mimba alinipakia kwenye gari nikaenda kwa Msasa, punda wa nta nimempakata. Anatengeneza milango siku hizi, nyuma ya kinu cha kusaga. Ametoka mvi mpaka nyusi. Alinipa kiti, akanipa maji, akanisimulia habari za bei ya mbao, nami nikamkatiza nikayasema yote, mbele ya wateja wake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sikuondoka kwa ajili ya jina. Jina ningevumilia. Niliondoka kwa sababu uliacha kuniuliza."

Wanangu, nimesifiwa na wakubwa na nimetukanwa na wajinga, hakuna neno lililonipata kama hilo. Nililia kama mtoto pale kwenye maranda ya mbao. Nilipotulia nikamfunulia punda, nikamwuliza, "Hapa nikate au niache?" Alimtazama kama alivyokuwa akiutazama mti, kana kwamba punda ndiye mkubwa na yeye mdogo. Kisha akanyoosha dole gumba akalibonyeza sikio la kushoto mpaka likazama kichwani, lisiwepo. Na punda akainuka. Hivyo hivyo, kwa sikio moja, uzito wote ukahamia miguuni akainuka.

Basi shikeni haya. Yule punda asiguswe tena na mtu, apelekwe kwa wayeyusha shaba wamgeuze sanamu ya shaba kama alivyo, na chini yake yaandikwe majina mawili, la Msasa litangulie. Barua ya maktaba nimekwisha kuitia dole gumba, imo chini ya mto huu. Dada yenu aipeleke kwa mkono wake, kibao cha fisi kibadilishwe, na wakikataa asirudi nyumbani, akae pale pale mpaka wakubali. Wewe wa kati, nyati wote waliobaki dukani futa jina langu, andika lako. Watanunua wachache mwanzoni. Vumilia. Na kitinda mimba, chonga unachotaka, chomelea unachotaka, hata kama si mnyama, hata kama mimi nisingekielewa. Ila uwe na mtu wa kumwuliza, na akikujibu, umsikie.

Kaburini kwangu msiweke sanamu. Jiwe la kawaida. Nimechoka kutazamwa.

Nipeni maji tena... hapana, acheni, hayashuki.

Leteni mikono yenu. Yote. Huu wa dada yenu una joto... Mungu akutunze kama ulivyonitunza, akupe wa kukugeuza ubavu siku yako. Huu wenye makovu ya moto... usikome. Huu wenye vumbi la msaji ni wako, mwanangu wa kati. Usiufiche. Nimekuridhia. Nimewaridhia wote, mbele na nyuma, kwa mnayoyajua na... na msiyoyajua. Msigombane. Mkigombana, mgombane juu ya kazi, si juu ya vitu.

Sasa ondokeni. Msikae hapa kunihesabia pumzi. Washeni mashine, shikeni patasi, mlango uacheni wazi... mtu afe akisikia... watu wake wanafanya kazi. Nendeni, wanangu. Nendeni, nawasikia.