Mama Odessa Tillery na Koti Lake la Bluu

Mchungaji, majirani na ndugu wote mliokuja kutusindikizia mama yetu, Odessa Mae Tillery alizaliwa tarehe 9 Machi 1947 hapa Pruitt Ferry, jimbo la Georgia, akiwa mtoto wa nne wa seremala Ezra Gaines na mkewe Lovie.

Alimaliza sekondari mwaka 1965, na tangu Septemba 1969 hadi Juni 2008 alifundisha ushonaji katika sekondari ya wilaya, na wengi mliomo humu mmevaa pindo alizowafundisha kukunja. Tarehe 17 Juni 1972 alifunga ndoa na marehemu Roscoe Tillery, wakajaliwa watoto watatu, Verna, Curtis na mimi Lucius.

Jumamosi, tarehe 12 Desemba 2015, akitoka katika duka kubwa la nguo, amevaa koti la bluu aliloshona kwa mkono wake, mlinzi alimzuia akidai kaliiba, askari wa mji wakaja, wakamfunga pingu mbele ya wanafunzi wake wa zamani, naye akiwasihi askari, "Wanangu, geuzeni bitana, kitambaa hiki cha ndani, jina langu limo humo," ila hakuna aliyegeuza, akakaa kituoni kwa muda wa saa sita.

Shtaka lilifutwa wiki iliyofuata, lakini mama hakuwa na raha, akawa hakanyagi dukani, na tulipomwomba ayaache yapite alitukaripia, "Nyie, maisha yangu yote nafundisha watu kufumua mshono mbaya, sasa huu wangu niuache?" Akalishtaki duka pamoja na polisi katika mahakama ya shirikisho, kwa kuvunja haki zake za kiraia, akakataa mara mbili kumalizana nao kimyakimya.

Tarehe 4 Aprili 2019 wakili wake, Bi. Corinne Baptiste, aligeuza ile bitana mbele ya raia wanane walioteuliwa kuamua, wakasoma "O. M. Tillery, 1998" kwa uzi mweupe, na jioni ile wakampa haki yake yote. Mama alishusha pumzi hadi mabega yakalegea, akatugeukia, "Haya, twendeni tukale, nina njaa ya miaka mitatu."

Figo zilianza kumsumbua Januari 2023, akafariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, bila maumivu, Verna akimsuka nywele.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta chakula bila kuitwa, walimu wenzake, na Bi. Baptiste, aliyepokea simu zake zote.

Pumzika, Mama, hakuna tena anayekudai maelezo.