Nilichokisikia Nyuma ya Kioo

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Wewe mkubwa, acha kusimama kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Kaa hapa kitandani, wala usiogope kunikalia miguu, maana siisikii tena. Binti yangu, funga hilo dirisha, gari la jirani linanguruma. Na wewe kitinda mimba, usilie kwanza; kulia kutakuwepo tu, hakuna atakayekunyang'anya zamu yako. Daktari ameniachia dawa inayoleta usingizi, nami nimeikataa mpaka niseme haya, kwa hiyo msinikatize, maana nikikatika sijui kama nitaungika tena.

Ya mali ni machache, tuyamalize. Nyumba hii ni yenu nyote, na isiuzwe wakati hata mmoja wenu bado anahitaji pa kulala. Vitabu vyangu vipelekeni kwenye shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, msivipeleke chuoni, kwa sababu chuoni vitafungiwa kabatini na kuonyeshwa wageni. Cherehani ya bibi yenu achukue binti. Naona mnatazamana. Cherehani ni ya binti, mkubwa, wewe hata kifungo hujui kushona.

Lakini sikuwaita kwa ajili ya cherehani. Nimewaita kwa sababu ya mgeni wa jana. Mlimwona kaka yenu, mtoto wa baba yenu mkubwa, alivyokuja na matunda, akanishika mkono, akaniambia kwa furaha, "Mama mdogo, tumeelewana na idara yenu ya chuoni. Kile kitabu mlichoandika wewe na marehemu baba kitachapishwa upya, na tutaongeza sura mpya, utafiti wa baba ambao haukuwahi kutoka, wa jinsi watu wanavyojibu wakishinikizwa." Nikamwomba arudie. Akarudia, huku anatabasamu, mtoto wa watu hajui lolote. Mwili wangu ukafa ganzi, ulimi ukawa mzito, nanyi mkadhani ugonjwa umenizidi, mkamtoa nje na kumwita muuguzi. Haukuwa ugonjwa, wanangu. Nilikuwa nimesikia maneno ambayo niliamini yamezikwa pamoja na aliyeyasema, na sasa yanarudi yamevaa suti. Kitabu kile kina jina langu. Mimi nikiondoka, watakuja kuomba ridhaa yenu. Ndiyo maana lazima mjue mnaombwa nini.

Mmekua mkiambiwa kwamba baba yenu mkubwa alikata mguu nyumbani kwetu kwa sababu nilikitaka kiti chake cha ukuu wa idara. Shangazi zenu wameyasema hayo misibani na harusini, mbele yangu na nyuma yangu, nami sikujibu, kwa sababu habari ile ina mwenyewe, mwanafunzi wangu wa zamani, naye aliniomba isitoke mpaka aseme yeye. Jana jioni nilimpigia simu. Akasema, "Mwalimu, waambie."

Basi sikilizeni. Baba yenu mkubwa ndiye aliyenifundisha saikolojia, ndiye aliyenikutanisha na baba yenu, ndiye aliyenipa kazi. Nyinyi wenyewe mlimpenda. Akiingia hapa mlimparamia kama ngazi. Watu wa ukoo walikuwa wananikwepa kwenye sherehe wakidhani nasoma mawazo yao, mjomba wenu mmoja hata alivaa miwani ya jua ndani ya nyumba nisije nikamwona moyoni, lakini yeye alicheka na kusema, "Shemeji, sisi hatusomi mawazo, sisi tunauliza tu vizuri." Na kweli aliuliza vizuri. Utafiti wetu ulikuwa wa kumbukumbu za watoto. Mtoto aliletwa kwenye chumba kidogo chenye meza ya chini na zulia, tukamwuliza juu ya jambo aliloliona, na mtoto akiogopa, yeye aliinama na kumwambia kwa sauti laini, "Usiogope. Hapa hakuna jibu baya." Watoto walifunguka kama mlango usio na komeo. Sauti ile, wanangu, niliifundisha kwa wanafunzi wangu. Niliwaambia, zungumzeni namna ile.

Ukutani mwa chumba kile palikuwa na kioo kikubwa. Aliye ndani anajiona mwenyewe. Aliye chumba cha pili anamwona aliye ndani, na kumsikia kwa kipaza sauti. Siku hiyo, mchana, nilikuwa chumba cha pili nafunga nyaya zilizolegea, taa nimezizima kama ilivyo desturi, spika iko wazi. Mlango wa chumba cha watoto ukafunguliwa, akaingia baba yenu mkubwa, na nyuma yake mwanafunzi wetu wa uzamili, binti mmoja mwembamba, mchapakazi, aliyekuwa akikusanya data kwa ajili ya tasnifu yake. Nikataka kugonga kioo niwasalimie. Mkono ulikuwa umeshainuka.

Nikasikia kitasa kikifungwa kwa ufunguo.

Akamwambia, "Tasnifu yako iko mezani kwangu. Inaweza kutoka kesho, inaweza kulala hapo mpaka wajukuu zako waje kuiuliza."

Binti akasema, "Profesa, naomba unifungulie. Nina kipindi."

"Nitakufungulia. Tuelewane kwanza. Unadhani wenzako wamepitaje?"

Akasogea. Binti akarudi nyuma mpaka kiuno kikagonga ile meza ya watoto. Naye akaweka mkono wake begani kwa binti, akaushusha, akainamisha kichwa, akamwambia kwa sauti ileile, ileile wanangu, "Usiogope. Hapa hakuna jibu baya."

Sijui niwaelezeje. Kuna mshtuko wa mtu kuanguka, unajua umeanguka. Huu ulikuwa kama nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, nyumbani kwangu, na kiti kikaniuma. Vidole vyangu vilitafuta kitufe cha kipaza sauti cha upande wetu kama vya kipofu. Nikabonyeza. Nikasema, na sauti iliyotoka sikuijua ni ya nani, "Shemeji, ufunguo uko mkononi mwako. Mfungulie binti wa watu atoke."

Aliruka. Akageukia kioo akakitumbulia macho, na kwa upande wake hakuona chochote isipokuwa uso wake. Akafungua. Binti akatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki kwenye zulia.

Nilidhani na yeye atakimbia, au atakuja kunipigia magoti. Hakufanya hata kimoja. Alikuja chumba cha pili polepole, akawasha taa, akanitazama kwa masikitiko kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyevunja chupa ya maabara. Akasema, "Shemeji, umeniharibia jaribio."

Nikamwambia, "Jaribio gani?"

"La shinikizo. Napima mtu anavyojibu akibanwa na mwenye mamlaka. Nilikuwa nakusudia kukueleza."

Nipe maji, binti yangu. Kidogo tu, yaloweshe midomo.

Alisema bila kupepesa macho, na mimi, msomi wa akili za watu, nikashika ukuta. Kesho yake binti alinijia, nikamwambia nilichokisikia, nikamwuliza anataka nini. Akasema anataka kushtaki, ila anaogopa kusimama peke yake. Nikamwambia hatasimama peke yake.

Baba yenu, Mungu amrehemu, nilipomsimulia alikaa kwenye ngazi pale nje na viatu mkononi. Akaniambia, "Ni kaka yangu. Ndiye aliyenilea. Huwezi kuyamaliza nyumbani?" Nikamjibu kwamba nyumbani hakuna binti wa watu, binti yuko chuoni, na huko ndiko yatakakomalizwa. Akavaa viatu, akaenda kwa kaka yake mwenyewe. Alirudi uso umemshuka, akakaa palepale kwenye ngazi. Akasema, "Nimemwuliza jina la yule msichana. Halijui. Amemfundisha muda wote huo, na jina lake halijui." Tangu hapo hakuniambia tena nyamaza. Shangazi zenu walimtenga naye akatengeka, na msibani kwa mama yao alikaa peke yake, ila mimi tu pembeni yake. Msimhukumu kwa lile neno la kwanza.

Binti akashtaki, na kamati ya kusikiliza shauri lake ilikaa kwenye ukumbi mdogo wa idara, viti vya plastiki, feni inalia. Baba yenu mkubwa aliingia na wenzake wawili walioapa kwamba jaribio lilikuwepo na wao walilijua. Wanangu, watu hao nilikula nao! Mmoja alikuwa akifundisha somo la maadili ya utafiti. Mwenyekiti akanigeukia akasema kwa upole kwamba labda nilielewa vibaya, na kwamba nikikubali kuandikwa kuwa mtafiti mwenza, jambo zima litakuwa la kitaaluma na hakuna atakayechafuka. Walikuwa wameshanipangia nafasi. Walitaka binti yule aitwe mshiriki namba moja.

Nikasimama. Nikamwuliza shemeji yangu, "Mshiriki wako aliombwa ridhaa lini?" Akasema jaribio la aina ile haliombewi ridhaa. Nikamwuliza, "Aliambiwa na nani kwamba anaweza kuondoka wakati wowote?" Akaanza kupanga karatasi zake. Nikasema, "Tunapomleta mtoto mdogo kwenye chumba kile, kabla ya swali la kwanza tunamwonyesha mlango, tunamwambia ukichoka toka. Wewe ulifunga mlango kwa ufunguo. Hiyo si saikolojia, shemeji. Na mimi jina langu siliweki hapo, hata mkilipamba kwa dhahabu."

Mwenyekiti akataka kufunga kikao. Pembeni yake alikaa mhadhiri mmoja tuliyekuwa tukimwita Bi Miwani, mwanamke mkali, mtetezi mkuu wa baba yenu mkubwa, aliyekuwa hanisalimii tangu shauri lianze. Ndiye aliyekuwa akiandika mwenendo wa kikao. Akaweka kalamu chini. Akavua miwani, na mimi sikuwahi kumwona bila miwani, uso wake ulikuwa wa msichana. Akasema, "Mimi pia niliambiwa ni jaribio." Ukumbi mzima ukageuka. "Nilipokuwa mwanafunzi wake. Aliniambia, usiogope, hapa hakuna jibu baya. Nimejiaminisha miaka yote kwamba lilikuwa jaribio, maana kama si jaribio ningekuwa nani?"

Yule mwalimu wa maadili akainamisha kichwa mezani. Na binti, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajainua macho, akanyanyuka, akavuka ukumbi, akaenda kukaa kwenye kiti kilicho karibu na Bi Miwani. Sikuwahi kuona kitu kama hicho, wala sijakiona tena.

Baba yenu mkubwa aliondolewa. Msidhani walimfukuza kwa aibu. Walimwita mstaafu, wakamkatia keki. Mimi nilihamishiwa kufundisha mwaka wa kwanza kwenye darasa linalovuja, na ukuu wa idara alipewa mwingine, kwa hiyo wanaosema nilikitaka kiti wangeuliza kwanza nilikikalia lini. Binti aliandika tasnifu yake chini yangu, akaitetea, akafaulu. Leo ni profesa, ana watoto, ana kicheko kinachosikika mpaka barabarani. Bi Miwani alihama mji. Kila mwaka mpya alinipigia simu, hatukuzungumzia jambo lile hata siku moja, tulizungumzia maua yake.

Mkubwa wangu, futa uso. Najua ulimpenda. Hata mimi nilimpenda, ndiyo maana iliniuma hivyo. Huwezi kufuta kwamba alikufundisha kuendesha baiskeli, wala sikuombi ufute.

Sasa shikeni haya, pumzi inaniishia. Sura ile isichapishwe. Wakija na maneno ya sayansi, kataeni. Wakija na machozi ya ukoo, kataeni. Kitabu kizima kife, kama hakiwezi kuishi bila sura ile. Watoto waliotujibu maswali ni watu wazima sasa, hawatakidai. Kaka yenu msimtukane. Mwiteni hapa, mkae naye chini, mumweleze taratibu, maana ataumia kuliko nyinyi. Hakuchagua baba. Akikataa kuamini leo, mwachieni mlango wazi, aje siku yoyote.

Binti yangu, wewe unafundisha. Mwanafunzi akija na neno zito, usimwulize alivaa nini wala alifuata nini. Funga kitabu chako. Msikilize mpaka mwisho.

Kitinda mimba... uko wapi? Niwekee mkono hapa. Hapa. Naam.

Yule binti wa zamani atakuja kunizika. Amesema atakuja. Shangazi zenu watamwona, watanong'ona. Msimfiche nyuma. Mwendeeni getini, mmwulize kama anapenda kukaa mbele pamoja nanyi. Mwulizeni, msimpangie. Akisema ndiyo, mpisheni. Akisema hapana, akae anapotaka... hata akisimama mlangoni... ni sawa.

Mungu awatunze. Awape usingizi mzuri na watu wa kweli wa kula nao. Nimewaridhia nyote, mkubwa, wa kati, mdogo, sina kinyongo na hata mmoja. Mpendane. Msi... msinyamazie...

Basi. Nileteeni hiyo dawa. Sasa nitainywa.