Siku Sitini za Jemamani

Wasikilizaji wapendwa, saa nne na dakika ishirini na nne asubuhi ya leo, nyumba kumi na moja za mtaa mmoja kijijini Jharpali zilifunua vyungu kwa pamoja. Ndani mlikuwa na wali wa sathia. Nyumba ya kumi na mbili, ya marehemu Jemamani Bhoi, haikupika. Ilikuwa bado ndani ya mwaka wa msiba, na nyumba yenye msiba haisherehekei.

Jemamani alifariki Februari, akiwa na miaka themanini na mmoja. Kila mwaka alipanda sathia, mpunga unaoiva kwa siku sitini. Siku sitini, basi. Mpunga wa jirani zake, unaonyweshwa na mfereji, hukomaa Novemba, na sikukuu ya Nuakhai haingoji Novemba. Siku hiyo mchele mpya huliwa kwa dakika iliyotangazwa na makuhani. Asiye nao hununua konzi moja sokoni. Jemamani hakununua. Alihesabu siku sitini kurudi nyuma, akapanda eneo la mikeka minne, kando ya maboga.

Miaka mitatu iliyopita alikosea. Kalenda ya mwezi mwandamo, inayopanga sikukuu, ilikuwa na mwezi wa ziada, naye akausahau. Mpunga ulikuwa umefika magotini wakati jirani yake, Dibakar Meher, alipochungulia uani.

"Shemeji, Nuakhai utaila peke yako? Sisi wenzako tuna mwezi mzima zaidi!"

Jemamani akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena.

"Nyamaza, Dibakar. Mchele uliokaa mwezi mzima si mpya tena. Lete ng'ombe wako ale."

"Ale mpunga?"

"Ale. Na ukicheka, nakulisha na wewe."

Alibakiwa na kibuyu kimoja cha mbegu. Kijiji kizima hakikuwa na nyingine. Zilibaki siku sitini na mbili kufika sikukuu. Mkaza mwana wake, Tapaswini, alimsihi aweke nusu akiba.

"Akaniambia, 'Mwanangu, nusu ni ya shomoro.' Akamwaga zote," Tapaswini anakumbuka. "Shomoro tuliwafukuza kwa zamu, sufuria mkononi. Mama alikuwa akiwatukana mmoja mmoja kwa majina ya majirani."

Masuke ya kwanza yalikatwa alfajiri ya sikukuu yenyewe, yakakaushwa kikaangoni. Dakika ilipofika, wali ulikuwa sahanini. Yaliyobaki aliyaacha yakomae, akagawa mbegu nyumba kumi na moja, konzi moja moja.

"Safari nyingine akikosea mmoja, kumi na mmoja wacheke," alimwambia Dibakar.

Mwaka huu, kwa sababu ya msiba, Tapaswini hakupanda. Alipofungua kibuyu mwezi Juni, alikuta vumbi la fukusi.

Kwa Tapaswini na jamaa wote wa Jemamani, pokeeni pole zetu. Nanyi wasikilizaji wapendwa, jiulizeni: nyumbani kwenu, ni kitu gani kinachotunzwa na mtu mmoja tu?

Saa tano kasoro dakika kumi, Dibakar alifika mlangoni kwa Tapaswini. Hakuleta chakula. Alifungua kitambaa chenye mbegu za sathia, akazimimina kibuyuni.

"Hesabu vizuri, mwanangu," alisema. "Ng'ombe wangu bado ana hamu."

Tapaswini alicheka, akafunga kibuyu.