Zuhura Mchana Kweupe

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi, ndugu wageni waalikwa, nanyi wahitimu wenzangu mnaotoka jasho ndani ya majoho: habari za mchana.

Wenzangu wamenituma nishukuru kwa niaba yao, na nitashukuru. Ila kwanza, kwa adabu zote, nina neno na Mheshimiwa Mwenyekiti. Wiki iliyopita ulituuliza: ikiwa siku hizi kompyuta huielekeza darubini yenyewe, vijana hawa wanajifunza kukokotoa mahali pa nyota ili iweje? Na tumesikia kwamba mkitoka hapa mnakwenda kuamua kama kozi yetu ifungwe.

Mheshimiwa, mwanzoni hata sisi hatukujua ili iweje. Nani kati yenu amewahi kuchora pembetatu juu ya mpira, akakuta jumla ya pembe zake imezidi zile nyuzi 180 alizofundishwa utotoni? Tulichanganyikiwa sote. Mara ya kwanza kuelekeza darubini wenyewe, tulifuata saa ya ukutani tukasahau saa ya nyota, ambayo huitangulia ya kwetu kidogo kidogo kila siku. Darubini ikatua kwenye kamba ya kuanikia nguo za mlinzi. Mwalimu wetu, tunayemwita Mzee wa Nyuzi kwa kuwa hasamehi kosa la hata nusu nyuzi, aliinama, akachungulia, akasema, "Hongereni wanangu. Nyota yenu ina vifungo na mfuko." Tulicheka hadi machozi, kisha tukarudi ubaoni.

Sasa, ile darubini mnayoiona pale kivulini nimeielekeza mwenyewe kabla hamjaketi. Kompyuta imezimwa, na aliyechomoa waya ni Mkuu wa Chuo. Nimetumia kalamu, karatasi na saa ya nyota; springi ya kutia ufunguo ndiyo inayoizungusha taratibu ifuate anga. Sijachungulia. Nasema sayari Zuhura yumo humo, mchana huu kweupe. Nikiwa nimekosea, fungeni kozi, nami nitalivua joho hili hapahapa mbele ya mama yangu.

Karibu, Mheshimiwa. Polepole, usiiguse. Unaona nini?

Jamani, anasema anaona mwezi mwembamba! Hapana, Mheshimiwa wangu, mwezi hata haujachomoza. Huyo ndiye Zuhura. Anauliza, mbona amekatwa kama mwezi? Swali zuri sana hilo, nalo hujibiwa mwaka wa pili wa kozi hii.

Wazazi, walimu, na wewe Mzee wa Nyuzi usiyependa kusifiwa: tunawashukuru kwa moyo wote. Asanteni kwa kunisikiliza. Foleni ya kuchungulia inaanzia nyuma ya Mwenyekiti, ambaye naona bado hataki kutoka pale.